Mike Harcourt na mipaka ya maridhiano

Wengi wanaoutathmini uongozi wa Mike Harcourt, waziri mkuu wa jimbo la British Columbia nchini Kanada kuanzia Novemba 1991 hadi Februari 1996, huanzia mwishoni, pale alipong'atuka kwa kashfa ambayo yeye mwenyewe hakuhusika nayo. Naona hatutamtendea haki tusipoanzia kwenye uwakili wake, kwa kuwa mazoea aliyoyajenga huko ndiyo yaliyomfanikisha na ndiyo yaliyomponza.

Mwishoni mwa miaka ya 1960, akiwa wakili kijana jijini Vancouver, alisimama na wakazi wa Strathcona, mtaa wa Wachina wengi uliokabiliwa na bomoabomoa na mpango wa barabara kuu ya magari. Mtaa ulinusurika, ingawa Hogan's Alley, makazi ya watu weusi yaliyokuwa jirani, yalifutwa kupisha madaraja ya juu. Alichaguliwa diwani mwaka 1972, kisha akawa meya kuanzia 1980 hadi 1986. Katika baraza la Vancouver meya ana kura moja tu kama diwani yeyote, hivyo asiyejua kushawishi hapitishi jambo, na Harcourt alijua kushawishi.

Jimboni hali ilikuwa nyingine. Chama chake cha NDP (New Democratic Party), chenye mrengo wa kushoto, kilipata viti 51 kati ya 75, wingi uliomruhusu kuamuru, lakini yeye aliendelea kusuluhisha. Athari zake zilionekana katika msitu wa kale wa Clayoquot Sound: mwaka 1993 serikali yake ilihifadhi takriban theluthi moja na kuruhusu ukataji wa miti katika sehemu kubwa iliyobaki. Kiangazi hicho watu zaidi ya 800 walikamatwa kwa kuzuia barabara ya wakataji. Wahifadhi walimwona msaliti, na wafanyakazi wa mbao, ambao ni nguzo ya chama hicho, wakamwona adui wa ajira zao. Lawama hiyo ina uzito, kwa sababu kugawa msitu kwa vipimo si sawa na kugawa fedha za madai, na mti wa miaka mia nane ukishaangushwa hakuna rufaa. Hata hivyo, serikali hiyohiyo ilifikia makubaliano ya muda na Wanuu-chah-nulth, wenyeji wa asili wa eneo hilo, mwaka 1994, na mwaka uliofuata ikakubali mapendekezo ya jopo la wanasayansi yaliyobana ukataji kwa kiasi kikubwa.

Katika suala la ardhi ya wenyeji wa asili ndipo ninapomuunga mkono bila kusita. Sehemu kubwa ya British Columbia ilichukuliwa bila mkataba wowote, na kwa zaidi ya karne moja serikali za jimbo zilikataa hata kulijadili jambo hilo. Serikali ya Harcourt ilitambua haki zao, ikashiriki kuunda tume ya mikataba, na ikasukuma mbele mazungumzo na Wanisga'a, wenyeji wa asili wa kaskazini-magharibi mwa jimbo, ambao makubaliano yao ya awali yalifikiwa mwanzoni mwa 1996.

Kashfa yenyewe ilihusu fedha za bingo, mchezo wa bahati nasibu, zilizokusanywa kwa jina la hisani na kutumiwa vibaya na jumuiya moja ya mji wa Nanaimo yenye uhusiano na NDP, tangu kabla Harcourt hajawa kiongozi wa chama hicho. Wakosoaji husema alisitasita, akitafuta maelezo ya kila upande wakati umma ulitaka hatua kali, na nadhani wamesema kweli. Wanaomtetea husema kubeba dhamana ya makosa ya wengine ni uadilifu usio wa kawaida. Mimi natazama kilichofuata: mrithi wake, Glen Clark, alishinda uchaguzi wa Mei 1996 kwa viti 39, huku chama cha Liberal kikipata kura nyingi zaidi jimboni kote. Liberal waliupinga mkataba wa Wanisga'a hadi mahakamani. Harcourt angeng'ang'ania kiti na chama kikashindwa, sioni jinsi mkataba huo ungeanza kutumika mwaka 2000.