Polonius Hakuwa Mzee wa Kuchekesha

Waigizaji wengi humfanya Polonius, mshauri wa mfalme katika tanzia ya Hamlet, kuwa mzee wa kuchekesha, mropokaji anayesahau alichotaka kusema. Kichekesho hicho kimo kweli katika maandishi ya Shakespeare, lakini kwa maoni yangu kinatusahaulisha kwamba mzee huyu ndiye fundi wa udukizi katika kasri la Elsinore huko Denmark, na kwamba hakuwasaza hata watoto wake. Mwanawe Laertes akiwa Paris, baba anamtuma mtumishi wake Reynaldo akamchunguze, tena anamfundisha namna ya kumsingizia kijana huyo makosa madogo mbele ya wanaomfahamu, ili wao wapate kutoboa makubwa.

Kwa binti yake Ophelia anafanya vibaya zaidi. Anampa kitabu cha ibada akisome mahali ambapo Hamlet, mwanamfalme anayeonekana kurukwa na akili, atapita, kisha yeye na mfalme Claudius wanajibanza wasikilize. Hamlet anamuuliza Ophelia yuko wapi Polonius, baba yake. Binti anajibu kwamba yuko nyumbani. Anatukanwa, anaambiwa akaingie nyumba ya watawa, anaachwa na uchungu wake. Polonius anapotoka mafichoni hamliwazi. Anamwambia tu kwamba hana haja ya kueleza lolote, kwani wamesikia yote. Sioni katika mchezo mzima kauli katili kuliko hiyo, hasa kwa kuwa msemaji wake hana hata hasira: yumo kazini.

Na je, walisikia nini? Watu wawili wamejificha pamoja, wamesikia maneno yale yale, lakini mfalme anaona hatari na kuamua kumpeleka Hamlet Uingereza, ilhali Polonius anang'ang'ania kuwa chanzo cha wazimu wa Hamlet ni mapenzi. Badala ya kukubali kwamba mtego haukunasa kitu, anaomba atege mwingine, safari hii chumbani kwa malkia Gertrude, mama yake Hamlet. Huko ndiko anakochomwa upanga nyuma ya pazia, Hamlet akidhani ni mfalme.

Watazamaji wa London wa miaka ya 1600 hawakuhitaji kufafanuliwa mambo haya. Mwaka 1586 majasusi wa Francis Walsingham, waziri wa malkia Elizabeth I wa Uingereza, walikuwa wakisoma barua za siri za Mary, aliyekuwa malkia wa Uskoti, zilizopitishwa katika mapipa ya bia. Mwaka uliofuata Mary alikatwa kichwa.

Hamlet naye si msafi. Anaandaa mchezo ili yeye na rafiki yake Horatio wausome uso wa mfalme, anayeshukiwa kumuua baba yake Hamlet, kisha anamkuta Claudius amepiga magoti na kumwacha hai, asije akamuua katikati ya toba na kumpeleka peponi. Akishaondoka ndipo mfalme anakiri kwamba maneno yake yalipaa bila moyo. Rosencrantz na Guildenstern, rafiki za Hamlet wa utotoni walioitwa kumpeleleza, anawabadilishia barua ya mfalme iliyoamuru yeye auawe Uingereza, ili wauawe wao. Wajumbe wa Uingereza wanapofika kutoa taarifa ya vifo hivyo, Claudius ameshakufa, na mmoja wao analalamika kwamba masikio yaliyopaswa kuwasikiliza hayasikii tena.