Mzee, 26 Imepitwa

Nimerudi nyumbani kwa miguu, baiskeli nikiisukuma ubavuni kama mgonjwa anayepelekwa zahanati. Kutoka soko kuu mpaka Ipuli, saa saba mchana, mwezi wa kumi na moja, mvua ikiwa bado inajivuta. Aliyewahi kuishi Tabora anajua nasema nini. Njiani watu kumi na mmoja wamenisalimia, na wote kumi na mmoja wameniuliza, "Mzee, pancha?" Nikawa najibu, "Eeh, pancha," maana maelezo kamili yanahitaji kivuli na maji. Sasa kivuli ninacho, maji nimekunywa. Nisikilizeni.

Si pancha. Ingekuwa pancha ningeshukuru. Ni tairi la nyuma limechanika ubavuni, tyubu ikachungulia nje kama kitovu cha mtoto mchanga. Nikatia kiraka cha tairi kuukuu kwa ndani, nikashona kwa uzi wa kiroba, likanisogeza wiki mbili. Leo asubuhi, pale pa kuvukia reli, limepasuka kwa mlio ambao mama mmoja muuza karanga aliacha sinia lake akakimbia. Karanga nimelipa mimi.

Baiskeli yenyewe ni ile ya gia, ya mtumba, zile tunazoziita za milima, ingawa kwa Tabora sijui mlima unaokusudiwa ni upi. Hapa kwetu kuna miembe na mchanga. Gurudumu lake ni saizi 26. Nikaingia dukani kama mtu mzima mwenye shida ndogo, nikatoa salamu, nikasema, "Naomba tairi la 26."

Kijana hakuinua macho kwenye simu. "Mzee, 26 imepitwa."

Imepitwa na nani? Mimi mwenyewe kila siku napitwa. Napitwa na bodaboda, napitwa na bajaji, juzi kwenye mchanga wa kwenda Kwihara nimepitwa na bibi mwenye ndoo ya maji kichwani, tena akanipa pole. Mbona bado nipo?

"Siku hizi ni 27.5 au 29," akasema.

Nami, kwa akili ya mtu aliyezoea madukani, nikajua ananitajia bei. Nikamwambia, mwanangu, elfu ishirini na saba na mia tano kwa tairi moja ni kuuana, hiyo mia tano iondoe kwanza ndiyo tuzungumze. Akasema haiondoki. Nikamwambia kila kitu kinaondoka, mimi ni mteja wa siku nyingi, weka ishirini na tano. Akasema, "Mzee, ishirini na tano haipo duniani." Nikaona jeuri hii sasa. Tumevutana hivyo dakika tano nzima, watu wameanza kusimama mlangoni, mpaka alipovuta pumzi akasema taratibu, kama anayemsemesha kiziwi: "Si bei. Ni saizi."

Nimejadiliana kipenyo cha gurudumu, inchi zake, mbele za watu.

Baada ya hapo hakuniacha. Alishuka kwenye kigoda, akaweka simu mfukoni, akaanza somo. Gurudumu kubwa, anasema, likikuta shimo haliingii, linapita juu yake. Nikamwuliza kama anakijua kishimo cha kwenye kona ya mtaa wetu, kilichomeza tairi la mbele la lori la tumbaku. Akasema huo ni mfano mbaya. Kubwa pia likishika kasi haliachi. Ila ni zito, kulianzisha kunataka miguu, na mtu mfupi kidole cha mguu kinaweza kugonga tairi la mbele akikata kona. Hapo akanitazama kuanzia kofia mpaka kandambili, akanyamaza kwa adabu.

"Ndiyo maana ikaja 27.5," akaendelea. "Iko katikati."

Katikati wapi? Nimevaa miwani yangu nikasoma zile namba ndogo ubavuni mwa tairi, zile ambazo hakuna anayezisoma, zinazotaja kipenyo cha rimu kwa milimita. La 26 ni 559. La 27.5 ni 584. La 29 ni 622. Fanyeni hesabu. Kutoka ndogo mpaka ya kati ni milimita 25, kutoka ya kati mpaka kubwa ni 38. Hiyo katikati ni kama ya mjomba anayegawa shamba la urithi huku mtoto wake akiwa miongoni mwa warithi.

Nikamwuliza, basi hiyo 26 iliyotutawala miaka yote hii aliichagua nani? Hapo kijana alinifurahisha, kumbe anasoma. Akasema ni vijana wa kule California, kaunti ya Marin, miaka ya 1970. Walikuwa wanaokota baiskeli kuukuu za kampuni ya Schwinn, za miaka ya 1930 na 1940, kwa sababu matairi yake yalikuwa manene, nayo yalikuwa 26. Wanazipandisha mlimani, wanashuka nazo kama vichaa, breki ya kukanyagia pedeli kinyumenyume inapata moto hadi grisi ndani ya habu, pale katikati ya gurudumu, inageuka moshi, wakifika chini wanafungua wanapakia grisi upya. Basi. Hakuna mtaalamu aliyepima. Saizi ya dunia nzima ilitoka kwenye chakavu, kama ambavyo mimi nilipata yangu kwenye mtumba. Nikawapenda wale watu ghafla.

"Sasa nini kiliharibika?"

"Mashindano, mzee." Akanisimulia mbio za baiskeli za milima za wanaume, Olimpiki ya London, 2012. Wa kwanza alikuwa Mcheki, Jaroslav Kulhavý, kwenye 29. Wa pili Mswisi, Nino Schurter, kwenye 27.5. Wameachana sekunde moja.

Sekunde moja! Mimi nikifika mahali nimechelewa saa nzima naambiwa nimewahi. Watu wawili wameachana sekunde moja huko Uingereza, na sasa mimi Tabora sina tairi, kwa sababu baada ya hapo viwanda vikubwa, kimoja kimoja, vikaiacha 26 ikabaki ya watoto na ya baiskeli za bei poa. Nikamwuliza na wa tatu je. Akasema wa tatu Mtaliano, Marco Aurelio Fontana. Kiti kilimng'oka kwenye mzunguko wa mwisho, akamalizia amesimama, na medali akapata. Huyo ndiye mwenzangu. Huyo akija hapa Tabora hatashangaa kitu.

"Au nikutafutie ile ya mchanganyiko," akasema kijana. "Mbele 29, nyuma 27.5. Tangu 2019 wameruhusu hata kwenye mashindano makubwa."

Kubwa mbele, ndogo nyuma. Trekta linalorudi kinyumenyume. Na anasema kwa uso mkavu kabisa.

Nikachoka. Nikamwambia basi, nimeshindwa, nipe hilo 29 nivalishe niende zangu.

"Halitaingia. Rimu yako ndogo."

"Nipe na rimu."

"Fremu haitaipokea, tairi litasugua. Na zile breki zako za mpira hazitaifikia rimu."

"Sasa nibadilishe nini?"

"Baiskeli."

Laki tano na themanini. Jamani. Hapa sifanyi mzaha. Nimekuja na elfu kumi na tano ya tairi, na hiyo elfu kumi na tano imekusanywa kwa kuruka chai, halafu mtu ananiambia kwa upole kwamba tatizo ni baiskeli yote. Nimetoka nyumbani kutafuta soli, naambiwa nibadilishe mguu! Fremu haina ufa, gia tatu bado zinafanya kazi, cheni nimeibadilisha mwezi wa nne. Kitu kizima kinazeeka kwa sababu kipande kimoja hakiletwi. Nilipandisha sauti, nakiri. Kijana wa watu akaniletea kigoda nikae.

Nikiwa kwenye kigoda hicho akaingia mzee mmoja na ile baiskeli yetu ya tangu enzi, nyeusi, keria kama kitanda, madebe mawili ya asali yamefungwa kwa mpira, nyuki wachache bado wanaisindikiza. Ametokea njia ya Sikonge. Hakusalimu sana. "Tairi la 28."

Kijana hakusema imepitwa. Akachukua upondo, akatungua tairi juu kabisa penye vumbi na utando wa buibui, akalipiga kofi, akampa. Nami miwani bado usoni. Nikasema, naomba nilione. Ubavuni, herufi ndogo: 635.

Nikasoma mara ya pili. Nikamwita kijana asome yeye mwenye macho. Ile 29, mfalme wa sasa, rimu yake 622. Ile 28 ya mzee wa asali, ya babu yangu, ya kila aliyewahi kubeba mkaa katika mkoa huu, 635. Ishirini na nane inaizidi ishirini na tisa kwa milimita 13! Kijana akajitetea kwamba 29 inahesabiwa na unene wa tairi likishavaa, ukipima nje ndiyo inakuwa kubwa. Sawa, kwa hiyo ni suala la nguo. Yule mzee hata hakugeuka. Alilipa, akavaa tairi lake begani kama mkoba, akaondoka na nyuki wake.

Fundi wangu wa chini ya mwembe hakuwa na msaada mkubwa. Kasema nirudi Jumamosi, pengine mtumba utashuka, na kama haukushuka atashona. Mama watoto kasema niuze. Jirani mwenye bodaboda kacheka tu.

Kilichoniuma zaidi nimekikuta hapa hapa mtaani. Mtoto wa nyumba ya tatu anapita anakimbiza tairi kwa fimbo. Nikalitazama. Nyuzi hazijatoka, ubavu mzima, 26 kabisa. Nikamwita kwa sauti ya babu mwema. Nikamtajia mia tano, akakataa. Elfu, akakataa, anataka maembe kumi. Maembe kumi nitoe wapi, mwembe ni wa jirani, kwangu limeingia tawi tu, limelala juu ya bati. Na hilo tawi nalo ni kesi nyingine. Jana saa nane za usiku embe limedondoka, nikajua mwizi, nimetoka nje na pampu ya baiskeli mkononi, shuka kiunoni, mbwa wa mtaa mzima wamenijua. Nimemwambia mwenye mwembe akate. Ananijibu tawi ni lake, lakini embe likishagusa bati langu ni langu, sasa nalalamikia nini? Na kweli ni dodo, tena tamu.