Nimejenga Fensi, Watu Wameongezeka

Miaka minne nimekaa Nzuguni bila fensi, na katika miaka yote hiyo walioingia kwangu bila hodi ni wawili tu: upepo na mbuzi. Upepo wa Dodoma mnaujua wenyewe. Ikifika Julai unakusanya vumbi la mtaa mzima unalimwaga sebuleni kwako, kesho yake unarudi kuchukua kandambili. Mbuzi wao walikuwa na ratiba kama mabasi ya mikoani. Saa nne wanapita kula mchicha wa mama watoto, saa kumi wanarudi kuangalia kama umeota tena.

Nilivumilia. Mimi ni dereva, nimezoea viumbe vinavyokatiza mbele bila kuangalia. Lakini siku walipotafuna kitenge cha mama mkwe kwenye kamba, mama mkwe mwenyewe kakaa kibarazani anadhani wananusa, nikaambiwa ndani ya nyumba yangu kwamba wanaume wenzangu wana fensi. Aliyesema hakunitazama. Alikuwa anatazama kitenge, ule upande uliobaki.

Basi nikaita fundi.

Kiwanja changu ni cha kona, mita 20 kwa 30. Fundi akakizunguka kwa hatua, mikono nyuma kama mkaguzi wa shule, akasema: "Bosi, mzunguko mita 100. Kozi moja, yaani mstari mmoja wa kuzunguka, inakula tofali 210. Kozi nane juu, moja chini, tofali 1,900 zinatosha na zitabaki." Hilo neno "zitabaki" ningelikamata palepale. Sijawahi kuona ujenzi ambao kitu kilibaki, labda deni.

Nikamuuliza habari ya kibali. Akacheka, akatema mate pembeni. "Fensi haina kibali, bosi. Tunaanza Ijumaa jioni, Jumatatu wanakuta ukuta. Ukuta ukishasimama nani atauuliza?" Nami nikamwamini. Mtu nimeendesha magari miaka 22, nasimama kwenye kivuko cha waenda kwa miguu hata kama anayevuka ni kuku, lakini kwenye mambo ya ardhi nikamwamini mtu aliyekuja na pima maji iliyokauka.

Ijumaa saa kumi na moja lori la tofali likaingia. Lilipiga honi mara moja tu, na vumbi halijatulia, mjumbe huyu hapa. Mjumbe ambaye mwaka juzi nilimtafuta wiki nzima anipe barua ya kumdhamini mwanangu, nikaambiwa yuko shamba. Harufu ya saruji mtu huyu anaisikia akiwa Mpwapwa.

"Dereva, kibali unacho?"

"Cha nyumba ninacho, mjumbe."

"Cha nyumba ni cha nyumba. Fensi ni jengo jingine, nayo ina kibali chake."

Nikajua anataka soda. Nikamletea soda. Akainywa yote, akafuta mdomo, na habari ya kibali ikabaki palepale. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa, maana mtu akinywa soda yako na bado anasema lile lile, ujue anasema kweli.

Fundi akanikonyeza. Tukaendelea. Jumamosi msingi, Jumapili watu wakiwa kanisani tukapandisha kozi tatu pale konani. Jumatatu asubuhi wakashuka vijana wawili wenye makoti ya kung'aa, hata salamu sikuimaliza, wakatikisa kopo la rangi wakaandika SIMAMISHA UJENZI kwa nyekundu, herufi kubwa kuliko namba ya nyumba. Mama watoto akatoka na beseni, akasoma, akauliza kama hawana rangi ya kijani kidogo, maana nyumba tumepaka krimu. Fundi simkuona tena mpaka Alhamisi. Simu yake ilikuwa inaita tu, inaita kwa furaha kabisa.

Nikaenda ofisini. Ofisini nikagundua kwamba fensi haipo. Fensi ni ya mtaani. Kule inaitwa uzio, na uzio una mchoro, na mchoro una vipimo, na pamoja na mchoro ulete hati au barua ya toleo na risiti ya kodi ya ardhi. Mimi nilikuwa na mchoro. Nilikuwa nimeuchora usiku kwenye daftari la hisabati la mwanangu: boksi, na ndani ya boksi kiboksi. Kijana wa mezani akautazama kwa heshima, akanigeuzia daftari.

"Mzee, hii ni nini?"

"Fensi, mwanangu. Na hiyo ya ndani ni nyumba."

"Na hii?"

"Hiyo ni hesabu ya kugawanya. Ilikuwepo."

Akaniuliza msingi una kina gani, ukuta una kimo gani, nguzo ziko wapi, geti linafunguka upande gani. Nikasema geti linafunguka mbele. "Mbele nje au mbele ndani?" Mwenzenu nikanyamaza. Kumbe geti halitakiwi kufungukia nje, kwa sababu nje si kwako, nje ni barabara, na mtu anayejipitia zake hapaswi kugongwa na bawa la geti la dereva wa Nzuguni. Nikiri kwamba hapo yule kijana aliniweza. Ningekuwa mimi ndiye napita na gari nikakumba geti la mtu, ningeshuka kugomba. Tatizo geti lilikuwa limeshachomelewa, la kufungukia nje, na lina maua ya simba wawili. Likifungukia ndani simba mmoja anagonga tangi la maji. Tukahamisha tangi. Kuhamisha tangi ikabidi kuhamisha bomba. Kuhamisha bomba ikabidi kung'oa mchicha, ule ule ambao fensi ilikuwa inakuja kuulinda.

Kinachoniuma mimi ni kwamba wanajua ninapokaa. Nikinunua umeme, kila mwezi wanakata 1,500 ya kodi ya jengo mle mle kwenye LUKU. Mita inajua nina nyumba. Lakini nikifika dirishani naambiwa nithibitishe kwamba nyumba ipo na iko wapi.

Wakati nasubiri nikawa nashinda kwa babu jirani. Babu ni Mgogo wa hapa hapa, kakaa tangu Nzuguni ni mashamba ya uwele. Amemuona kila mtu akija: CDA, ile mamlaka iliyokuwa inagawa viwanja, ilipoanzishwa 1973 Dodoma ilipotangazwa makao makuu, na alikuwepo ilipovunjwa Mei 2017, na sisi tuliokuja na serikali ametupokea kwa "Mbukwa" ile ile moja. Nikamlalamikia habari ya kusubiri. Akaniuliza hati yangu ni ya miaka mingapi. Nikamwambia 99. Akatikisa kichwa. "Enzi za CDA walikuwa wanatoa 33. Wenye 33 ndio walikuwa na haraka, mwanangu. Wewe muda unao."

Na sijui kama alikuwa ananitania, kwa sababu babu anasema kila kitu kwa uso mmoja. Fensi yake yeye ni minyaa. Kapanda vijiti mwaka ambao mwenyewe haukumbuki, vikaota, vikasongamana, mbuzi hawaigusi kwa sababu ya yale maziwa yake yanayochoma macho. Haina kozi, haina nondo, haina fundi wa kukata simu, na katika mizunguko yote ya wale vijana wa makoti hakuna aliyesimama kuipaka chochote. Tena ina kivuli.

Siku ya mpima ardhi ndiyo niliyotamani kuhamia kwetu. Kaja na mashine ya miguu mitatu, kaweka, kachungulia, akasema bikoni, vile vijiwe vya mipaka ya kiwanja, ni nne, anaziona tatu, ya nne iko wapi? Tukatafuta. Fundi alikuwa amerudi, akisema simu ilidumbukia kwenye ndoo ya maji, akatafuta mpaka chini ya mchanga. Mama watoto akatafuta. Watoto wa mtaa wakatafuta kwa ahadi ya miambili. Mwishowe babu akaja na mkongojo wake kuuliza tunatafuta nini. Tukamwelezea: kijiwe cha zege, katikati kina chuma.

"Aah. Hicho kimezuia mlango wa banda langu la kuku."

Mpima akashika kiuno. Kumbe lile lori la Ijumaa, lilipokata kona kurudi nyuma, ndilo lililoing'oa. Babu aliikuta imelala njiani, akaionea huruma. Sasa kung'oa au kuhamisha bikoni ni kosa la kisheria, hilo mpima alitusomea taratibu tukiwa tumesimama mbele ya banda, na alipomaliza hakuna aliyetaka kuigusa. Fundi akarudi nyuma hatua mbili. Mimi nikaweka mikono mfukoni. Kuku wakatoka wote, wakatuzunguka, mlango haukuwa na kitu kingine cha kuuzuia. Mpima mwenyewe akaibeba, akapima, akairudisha mahali pake, na ilipokaa mahali pake tukaona wote kwamba msingi wangu upande wa barabara ndogo umetoka nje sentimita 40. Fundi akasema ni upepo.

Halafu ikaja kona. Kiwanja cha kona hakijengwi kwa pembe kali kama sanduku. Inabidi uikate, ukuta upite mshazari, ili anayetoka huku amuone anayekuja kule. Na hapa tena sheria ikanishika koo, maana ni mimi huyu huyu ambaye kila asubuhi pale kwa mangi napiga honi na kutukana kimoyomoyo kwa sababu ukuta wake unaficha bodaboda. Nikabomoa zile kozi tatu. Tofali za konani zikivunjwa hazirudi kuwa tofali, fundi akanieleza, zinarudi kuwa kifusi, na kifusi hakihesabiwi kwenye zile 1,900.

Lakini mimi nina afadhali. Shemeji yangu alijenga kando ya barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam, ukuta mzuri wa kuchapia, na taa juu. Barabara kuu ina hifadhi yake, mita 30 kutoka katikati kila upande. Sheria ya mwaka 2007 ndiyo iliyoitanua kutoka 22.5. Kapakwa X. Sasa X ina rangi. Ya kijani maana yake barabara ndiyo iliyokufuata, utalipwa. Nyekundu maana yake wewe ndiye uliyeifuata barabara, ubomoe mwenyewe na usidai senti. Shemeji kapakwa nyekundu, lakini kila akipiga simu anasema ukiitazama jioni, jua likizama, inaelekea kijani.

Kibali kilitoka. Nakitamka vizuri kwa sababu kilitoka, kina muhuri, nimekitia kwenye plastiki. Tukapandisha ukuta, kozi ya sita tofali zikaisha, nikaongeza 300, zikaisha, nikaongeza nyingine. Desemba ukasimama, nikasimama mbele yake na mama watoto, nikahema. Mbuzi walikuja saa nne yao, wakasimama nje, wakatazamana.

Januari mvua ikanyesha usiku mmoja. Dodoma hainyeshi kila siku, ila ikiamua inaleta yote. Kwenye mchoro kulikuwa na matundu ya kupitishia maji chini ya ukuta, kijana wa mezani aliyachora mwenyewe kwa kalamu nyekundu. Fundi aliyaziba kwa sababu yalikuwa yanamharibia urembo. Asubuhi nikaamka nina ziwa, kandambili zinaelea, na vyura wanaimba wimbo ambao Nzuguni haijawahi kuusikia. Fundi akaja na nyundo kubwa kutoboa, na kwa kuwa alikuwa na aibu alitoboa kwa nguvu. Maji yakatoka yote. Kesho yake saa nne, kupitia tundu la tatu kutoka getini, kikaingia kitoto cha mbuzi. Kimoja tu. Kikala, kikatoka, nadhani kikaenda kueleza.

Mama watoto sasa hivi ananiongelesha habari ya minyaa.

Ila hao si tatizo. Tatizo ni ile kona niliyoikata. Pembetatu ile imebaki nje ya ukuta, safi, nimeisawazisha mwenyewe kwa moramu, na ukuta unapitisha kivuli pale kuanzia saa nane. Wiki ya kwanza ilikuja bodaboda moja, ikaegesha. Wiki ya pili zikawa nne. Sasa ni kijiwe kamili, wana mwenyekiti, wana katibu, na mama wa uji anafika asubuhi. Sebuleni kwangu nasikia bei ya kwenda Nanenane na ya kwenda Majengo, nimeshaikariri yote. Usiku wakiondoka nalala, alfajiri wananiamsha.

Jana nimetoka kuwaambia waondoke. Nilikuwa nimejiandaa, nimevaa shati. Mwenyekiti wao akainuka, kijana mwenye adabu zake, akanipa shikamoo kwa mikono miwili.

"Mzee, afadhali umetoka, tulitaka kukuona. Kibenchi na kibanda hapa tunaweza kuweka wenyewe, hilo usihangaike. Tunaomba utuazime tu kile kibali chako tukipeleke ofisini, tumesikia wewe unayajua mambo ya vibali."

Nimewaambia kwanza watafute bikoni.