Buffalo Bill aliwalipa Walakota. Je, aliwatendea haki?

Julai 17, 1876, kando ya kijito cha Warbonnet huko Nebraska, William Frederick Cody aliingia vitani akiwa amevaa nguo za jukwaani: mahameli meusi yenye nakshi nyekundu na vifungo vya fedha. Hayo hayakuwa mavazi ya skauti wa jeshi, yaani mpelelezi anayelitangulia jeshi. Siku ile alimuua shujaa wa Kicheyenne, mojawapo ya makabila ya wenyeji asilia, aliyeitwa Yellow Hair, akamchuna ngozi ya kichwa pamoja na nywele, na kutangaza kwamba hicho ndicho kisasi cha kwanza cha Jenerali Custer, kamanda wa jeshi la Marekani aliyeuawa wiki tatu tu kabla katika vita vya Little Bighorn dhidi ya Walakota na Wacheyenne. Miezi michache baadaye alikuwa jukwaani akiigiza tukio lilelile, na sasa angeweza kuwaambia watazamaji bila kudanganya kwamba nguo alizovaa ndizo alizokuwa nazo vitani.

Mtu huyo, ambaye dunia inamjua kwa jina la Buffalo Bill, amebishaniwa kwa zaidi ya miaka mia. Wapo wanaomwona mwajiri wa kwanza aliyewapa wenyeji asilia wa Marekani, wakiwemo Walakota, mshahara wa maana na jukwaa. Wapo pia wanaomwona mfanyabiashara aliyeyageuza maangamizi ya watu hao kuwa burudani. Tatizo ni kwamba pande zote mbili zina ushahidi mzito.

Lipo shitaka moja ambalo nadhani anasingiziwa, nalo ni la kuwamaliza nyati wa Marekani, wale wenye nundu na manyoya mazito. Cody alizaliwa Iowa mwaka 1846, akakulia Kansas, ambako baba yake alichomwa kisu mwaka 1854 kwa kusema hadharani dhidi ya utumwa. Mzee huyo alifariki 1857, na kijana akaanza kutafuta riziki akiwa bado mtoto. Miaka ya 1867 na 1868 aliajiriwa kuwinda nyama ya kulisha vibarua wa reli ya Kansas Pacific, kwa dola 500 kwa mwezi. Mwenyewe alidai kuua nyati 4,280. Hata tukiikubali hesabu yake, ni ndogo mbele ya mamilioni waliouawa na wachuna ngozi katika miaka ya 1870, walioichukua ngozi na kuuacha mzoga uoze. Uzeeni Cody alitetea sheria za kudhibiti uwindaji. Hilo halimfanyi malaika, ila linampunguzia mzigo.

Umaarufu wenyewe aliuziwa na watu wengine kabla hajajifunza kuuuza. Mwaka 1869 mwandishi Ned Buntline alimfanya shujaa wa hadithi za bei chee, na Desemba 1872 Cody akapanda jukwaani Chicago. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji: mwaka hadi mwaka simulizi za maisha yake zilizidi kunona. Dai lake kwamba alibeba barua za Pony Express, huduma ya posta ya wapanda farasi, akiwa na miaka 14, kwa mfano, linatiliwa shaka na wanahistoria. Lakini alikuwa skauti kweli, tena hodari, na mwaka 1872 alitunukiwa Nishani ya Heshima, tuzo ya juu kabisa ya kijeshi ya Marekani. Jina lake lilifutwa kwenye orodha mwaka 1917, kwa hoja kwamba alikuwa raia na si mwanajeshi, kisha likarudishwa 1989.

Mwaka 1883, mjini Omaha, alianzisha maonyesho ya Wild West. Yalikuwa na mamia ya watu, farasi, nyati hai, walenga shabaha na wachunga ng'ombe. Mwaka 1887 yalivuka bahari hadi London, katika jubilii ya Malkia Victoria, na 1889 yakafika Paris. Mwaka 1893 yalipiga kambi Chicago, nje kidogo ya maonyesho makubwa ya dunia, na umati ukafurika. Katika igizo lililopendwa sana, kibanda cha walowezi kilivamiwa na wenyeji, kisha Cody akaja mbio na wenzake kuwaokoa wenye kibanda.

Hapo ndipo ugomvi wangu naye unapoanza. Katika nchi ambayo ardhi ilikuwa ikinyang'anywa upande mmoja, uwanja wake ulionyesha kila siku kwamba aliyevamiwa ni mnyang'anyi. Mtazamaji aliondoka akiamini kwamba mlowezi alikuwa akijilinda tu.

Lakini tuwaulize pia waliokuwa juu ya farasi, kwani hao hawakuwa wajinga. Walakota wengi walitoka Pine Ridge, eneo walilotengewa ambako mtu hakuruhusiwa kutoka bila kibali. Kuanzia 1883 kanuni za serikali zilipiga marufuku ngoma zao za ibada, na watoto walipelekwa shule za bweni wakanyolewe nywele na kusahau lugha yao. Kwa Cody walivaa mavazi yao, walicheza ngoma zao, walikula vizuri na kulipwa, kwa kawaida dola 25 kwa mwezi kwa mwanamume. Sitting Bull, kiongozi mashuhuri wa Walakota aliyejiunga kwa msimu mmoja mwaka 1885, alipata dola 50 kwa wiki na haki ya kuuza picha na saini yake. Annie Oakley, mlenga shabaha maarufu wa kundi hilo, alisimulia kwamba sehemu kubwa ya fedha hizo mzee aliwagawia watoto maskini wa mitaani.

Na wapinzani wa Cody walikuwa nani? Msomaji wa leo hudhani walikuwa watetezi wa wenyeji. Mkali kuliko wote alikuwa Thomas Morgan, kamishna wa serikali wa masuala yao. Alikuwa na hoja moja nzito, kwani baadhi ya wasanii walifia Ulaya kwa maradhi. Ila kilichomkera hasa ni kwamba maonyesho yaliwabakiza Walakota kuwa Walakota, huku yeye akitaka wawe wakulima Wakristo waliosahau walikotoka. Mwaka 1890 wasanii wenyewe, akiwemo Rocky Bear, walikwenda Washington kutoa ushahidi kwamba walitendewa vizuri. Kati ya Morgan na Cody, ningekuwa Mlakota wa wakati ule, nami ningepanda meli.

Hata hivyo hiari hiyo ina kikomo. Mwaka 1891, baada ya mauaji ya Wounded Knee, ambako jeshi liliwaua Walakota wengi, wafuasi wa ngoma ya mizimu, harakati ya kidini ya wenyeji, waliofungwa ngome ya Fort Sheridan, Kicking Bear na Short Bull wakiwemo, walikabidhiwa kwa Cody wakazunguke naye Ulaya. Mtu anayechagua kati ya gereza na sarakasi hajachagua sana.

Picha zile za uwanjani zilisafiri mbali. Mwaka 1893 Cody aliwakusanya wapanda farasi wa mataifa mbalimbali kwa jina la Rough Riders, na miaka mitano baadaye jina hilohilo likawa la kikosi cha Theodore Roosevelt, rais wa baadaye wa Marekani, vitani Cuba. Huyu ndiye Roosevelt aliyeshuka Mombasa mwaka 1909 na msafara mkubwa wa bunduki na wapagazi, akaigeuza nyika ya Afrika Mashariki kuwa jukwaa lingine la mwindaji shujaa. Sisemi Cody ndiye aliyemtuma, ila hadhira iliyosoma habari za safari hiyo ilikuwa imekwisha fundwa namna ya kuisoma.

Kwa hiyo mimi naziweka hesabu mbili mbali mbali. Kwenye mshahara na heshima ya ana kwa ana, Cody aliwazidi wengi wa zama zake, na hata kwa wanawake alitamka wazi kwamba wafanyao kazi sawa walipwe sawa. Kwenye hadithi aliyowauzia mamilioni, hana utetezi, na mshahara mzuri hauifuti.

Mwaka 1913, maonyesho yakiwa yamefilisika na kupigwa mnada, mzee huyo aliongoza utengenezaji wa filamu ya vita vya jeshi na wenyeji. Kwa Wounded Knee walikwenda kwenye ardhi ileile, wakawaajiri Walakota, baadhi yao manusura, waigize kuuawa kwao karibu na kaburi la pamoja. Walilipwa. Sehemu kubwa ya filamu hiyo imepotea, nami sioni hasara.