Raga Ije Nangwanda, Wageni Waje Ilulu

Julai ya mwaka jana niliongozana na vijana 14 mpaka kwenye geti la uwanja mmoja wa huku kwetu Kusini mwa Tanzania. Jina la uwanja nalihifadhi, kwa sababu mzee aliyetuzuia alikuwa anafuata maagizo tu na sina kinyongo naye. Vijana walikuwa na mpira mmoja wa raga, ule uliochongoka pande mbili kama papai changa, ambao mmoja wao alirudi nao kutoka chuoni Arusha. Walikuwa wanaomba saa mbili za jioni, nyasi, na mistari ya chokaa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Karibuni. Mmekuja kucheza nini?"

Nikamwambia raga. Akauchukua ule mpira, akaugeuzageuza, akaurudisha. "Huu si ule mchezo wa kusukumana? Hapana, mwalimu. Nyasi zitang'oka, na mimi ndiye nitakayeulizwa."

Tukaondoka. Siku chache baadaye uwanja huohuo ulikuwa na tamasha la muziki. Lori lililobeba jukwaa liliingia na kusimama karibu na duara la katikati, na nilipopita asubuhi nikaona matairi yamechimba mpaka ndani ya boksi. Nyasi zile hazikuota tena msimu mzima. Jambo hilo limenikaa moyoni.

Tumezoea kuamini kwamba uwanja wa mpira unatunzwa kwa kufungwa kufuli. Mimi naamini kufuli ndilo linaloumaliza. Uwanja usioingiza kitu hauna pesa ya maji, hauna pesa ya mbolea, hauna pesa ya kumlipa mtu wa kufyeka na kusawazisha. Unabaki kungoja timu moja ya soka, na timu hiyo ikiyumba, uwanja unayumba nayo.

Aliyekuwepo Mtwara mwaka 2014 anakumbuka hali ilivyokuwa Ndanda, timu yetu ya soka, walipopanda Ligi Kuu. Simba au Yanga wakija, mji ulianza kujaa tangu jana yake. Watu walitoka Newala, Tandahimba, Masasi na Nanyumbu, gesti zikajaa, bodaboda wa Chikongola wakawa hawashikiki. Nje ya ukuta wa Nangwanda Sijaona, uwanja wa Mtwara mjini, akina mama walipanga sinia za ming'oko, ile mizizi ya porini, na korosho, na mpaka mapumziko sinia zilikuwa tupu. Wana Kuchele, kama tunavyowaita Ndanda, walidumu Ligi Kuu misimu 6, wakashuka mwisho wa msimu wa 2019/20. Niliumia kama mpenzi wa timu. Lakini nilichokuja kukiona baadaye ni kwamba wale akina mama nao walishuka daraja siku ileile, na kwao hakukuwa na mechi za kuwania kurudi.

Lindi walionja kwa namna nyingine. Namungo ni timu ya Ruangwa, na nyumbani kwao ni Uwanja wa Majaliwa. Msimu wa 2021/22 walihamishia mechi zao za nyumbani Uwanja wa Ilulu, Lindi mjini. Novemba 2021 Yanga walikuja hapo na mchezo ukaisha 1-1. Mji wa Lindi ukawa mwenyeji wa timu ambayo si ya mjini, dhidi ya timu kutoka Dar es Salaam, na sijasikia mtu wa Lindi akilalamika kwamba uwanja wake ulitumiwa na wengine. Alipokea wageni, akauza, akafurahi. Ilulu ilikuwa kazini.

Sasa kama tunaweza kumpokea jirani wa mchezo wetu wenyewe, kwa nini tusimpokee na jirani wa mchezo mwingine?

Mfano unaonigusa kuliko yote uko Afrika Kusini. Mwaka 2010 nchi ile ilikuwa inajiandaa na Kombe la Dunia la soka, na uwanja wa Loftus Versfeld wa Pretoria, ambao ni uwanja wa raga, ulitakiwa uandaliwe kwa ajili ya mashindano hayo. Bulls, timu ya raga ya Pretoria, walikuwa wamefika nusu fainali ya Super 14, ligi ya raga ya timu za Afrika Kusini, Australia na New Zealand, na hawana pa kuchezea. Wakaenda Soweto, makazi ya watu weusi pale Johannesburg, kwenye Uwanja wa Orlando, nyumbani kwa timu ya soka ya Orlando Pirates. Walicheza nusu fainali pale wakawafunga Crusaders wa New Zealand, na tarehe 29 Mei wakacheza fainali palepale, wakawashinda Stormers wa Cape Town 25-17.

Fikiria uzito wa jambo lile. Raga kwa miaka mingi ilihesabiwa kuwa mchezo wa Makaburu, na Soweto ndiyo iliyobeba maumivu ya ubaguzi. Maelfu ya watu weupe waliovaa jezi za bluu waliingia Soweto, wengi wao kwa mara ya kwanza maishani, ingawa kutoka Pretoria si mbali. Wenyeji wakawapokea. Wakachomewa nyama, wakakaa kwenye vilabu vya mitaani, wakapiga picha na watoto. Hakuna mkutano wa hadhara ungeweza kuwaingiza watu wale Soweto kwa wingi ule. Kilichowaingiza ni uwanja wa soka uliofunguliwa geti kwa ajili ya mpira wa umbo jingine. Na kubadilishana kulikuwepo: wa raga walitoa viwanja vyao kwa soka, wa soka wakawapa raga uwanja wao.

Hata karibu zaidi, Namboole pale Kampala, ambapo timu ya taifa ya soka ya Uganda huchezea, ndipo Kombe la Afrika la raga lilipochezwa Julai 2025. Zimbabwe waliwafunga Namibia 30-28 kwenye fainali, wakapata tiketi ya Kombe la Dunia la 2027 baada ya kulikosa tangu 1991. Nairobi nako, mashindano ya Safari Sevens yamewahi kuchezwa Nyayo na Kasarani. Na yule atakayesema Mtwara ni mji mdogo wa pwani, nitamwambia kwamba Japani walipowaangusha Afrika Kusini 34-32 kwenye Kombe la Dunia la 2015, mechi ile ilichezwa Brighton, mji wa ufukweni, kwenye uwanja wa timu ya soka.

Nirudi kwenye nyasi, maana hofu ya yule mzee wa getini haikuwa ya bure, na sitaki kuipuuza.

Raga ya wachezaji 15 inaumiza uwanja. Kinachoumiza zaidi ni skramu, pale wachezaji 8 wa kila upande wanapoinamiana, wakashikana mabega na kusukumana. Watu 16 wazito wanachimba kwa njumu mahali pamoja, na skramu ikirudiwa mara mbili tatu palepale, nyasi zinainuka na mizizi yake. Hilo ni kweli. Lakini ipo raga ya wachezaji 7, ile iliyoingia Olimpiki tangu Rio 2016. Kila kipindi ni dakika 7, skramu yake ni ya watu 3 kwa 3, na sehemu kubwa ya mchezo ni mbio. Kwa uwanja, mechi ya namna hiyo haina tofauti kubwa na mechi ya soka. Hapo ndipo Kusini inapaswa kuanzia. Vijana wetu wana mbio; anayebisha aende Mikindani jioni akawaangalie wanavyokimbizana kwenye mchanga.

Vipimo navyo havitushindi. Eneo la kuchezea soka kwa kawaida ni mita 105 kwa 68. Raga inataka isizidi mita 100 kutoka mstari wa goli hadi mstari wa goli, upana usizidi 70, na nyuma ya kila goli kuwe na sehemu ya kutulizia mpira ambayo haipungui mita 6. Nyuma ya magoli yetu kukiwa finyu, mistari ya raga inasogezwa ndani kidogo na maisha yanaendelea. Nguzo zake zina umbo la herufi H: kutoka nguzo hadi nguzo mita 5.6, mtambaa panya mita 3 kutoka chini. Fundi wa kuchomelea wa Mtwara mjini anakutengenezea hizo kwa mabomba ya chuma, unazisimamisha kwenye matundu yaliyojengewa, mashindano yakiisha unazing'oa na kufunika matundu. Magoli ya soka yanarudi mahali pake.

Kazi ngumu ni maji. Sisi Kusini tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili hivi, kisha kiangazi kirefu. Ligi ya soka inaisha Mei au Juni na kuanza tena Agosti, kwa hiyo nafasi iliyo wazi inaangukia wakati ambao mbingu zimefunga. Ukicheza Julai mwishoni bila kumwagilia, nyasi zilizoumia zitangoja hadi Novemba. Kwa hiyo mashindano ya siku mbili yawe mapema Juni, ardhi ikiwa bado na unyevu, kisha uwanja upumzishwe wiki nne na kumwagiliwa. Anayekodi aweke amana kabla ya kuingia, ukaguzi ufanyike kabla na baada mbele ya pande zote mbili, na kilichoharibika kikatwe kwenye amana hiyo. Masharti hayohayo wapewe na wenye matamasha ya muziki. Siombi muziki ufukuzwe uwanjani, watu wanahitaji kufurahi. Naomba lori lipimwe kwa kipimo kilekile wanachopimiwa vijana 14 wenye mpira mmoja.

Nangwanda Sijaona na Ilulu, kama viwanja vingi vya mikoani, ni mali ya Chama Cha Mapinduzi. Vingi kati ya viwanja hivyo vilijengwa kwa nguvu na michango ya wananchi, wa kila imani na kila mtaa. Naiona hiyo kuwa sababu nzuri ya kufungua geti. Mwenye mali ndiye anayefaidika uwanja ukiingiza kodi mara 10 kwa mwaka kutoka kwa wapangaji tofauti badala ya kusubiri mpangaji mmoja.

Na tusijifanye hatujui kupokea wageni. Michezo ya shule ya kitaifa, UMITASHUMTA na UMISSETA, ilifanyika Mtwara mwaka 2019, ikarudi tena 2021. Watoto wa mikoa yote walikuja, wakalala shuleni na vyuoni, wakala chakula chetu, wakacheza soka, netiboli, wavu, mikono, wakakimbia riadha. Mji uliweza. Nilikuwa kwenye jukwaa siku mojawapo, pembeni yangu bibi mmoja amemleta mjukuu wake kuangalia mpira wa mikono, mchezo ambao yeye mwenyewe hakuwa ameuona tangu azaliwe. Aliniuliza sheria mara mbili. Kipindi cha pili alikuwa anamfokea mwamuzi, na alikuwa sahihi.

Kuna wanaoniambia, "Mwalimu, soka lenyewe hatujashiba, wewe unatuletea raga." Nawaelewa. Mimi pia nataka Ndanda irudi. Ila sioni jinsi geti lililofungwa linavyoirudisha. Ndanda itahitaji uwanja wenye nyasi, vyoo vinavyofanya kazi, taa na vyumba vya kubadilishia nguo siku itakapopanda, na vitu hivyo vinataka pesa inayoingia leo. Wengine wanasema raga ni mchezo wa Wazungu. Soka nalo lilikuja kwa meli, na leo hakuna kitongoji cha Tandahimba kisicho na magoli ya miti.

Ninawaza pia wageni wa ng'ambo ya Ruvuma. Daraja la Umoja pale Mtambaswala lilifunguliwa mwaka 2010. Upande wa pili kuna ndugu zetu wanaozungumza Kimakonde na Kimakua kama sisi, na Cabo Delgado, mkoa wa Msumbiji unaopakana nasi, imepita katika miaka ya vita na machungu tangu 2017. Amani ikitulia, timu kutoka Pemba ya Msumbiji au Montepuez ingefika Mtwara kwa basi. Iwe ya soka, ya kikapu, ya chochote. Watu waliokuwa wanatembeleana misibani na harusini wangekutana kwenye jukwaa, na ningependa sana kuwaona wazee wa pande mbili wakisalimiana kwa lugha yao huku vijana wakikimbia mbele yao.

Vijana wangu hawajaacha. Siku hizi wanafanya mazoezi ufukweni Shangani, hapa Mtwara, maji yakitoka, nguzo zao ni mianzi, na mistari wanaipima kwa kamba yenye fundo kila baada ya mita 10. Maji yakijaa wanang'oa mianzi na kwenda nayo nyumbani. Sasa ni 22, na wasichana 5 wameomba kuanza.

Barua ya kuomba Jumamosi moja ya Juni tumeshaiandika. Ni ukurasa mmoja: tarehe, idadi ya wachezaji, kiasi cha amana tulichochanga, na jina langu kama mdhamini wa nyasi. Naipeleka Jumatatu asubuhi.