Samaki Hajafa, Kwa Hiyo Maji Yako Sawa?

Watu wa vipimo vya sumu wamezoea swali moja, wamekufa wangapi. Kipimo namba 203 cha OECD, umoja wa nchi zilizoendelea unaotoa miongozo ya vipimo hivi, kinataka samaki wakae kwenye kemikali masaa 96 halafu uhesabu mizoga, na kile cha dafnia, vile vidudu vya majini vinavyorukaruka, ni masaa 48, unatikisa chombo kidogo unaangalia nani hajiwezi tena. Sasa kuna wanaosema weka kamera juu ya tangi, kompyuta imfuate kila samaki fremu kwa fremu, ikwambie kaenda wapi, kasimama muda gani, kajitenga na wenzake kiasi gani. Wengi wanaona ni mbwembwe za wenye hela. Mi naona hawajaelewa kamera inatafuta nini.

Cheki hii ya Sweden. Mwaka 2013 Tomas Brodin na wenzake wa Chuo Kikuu cha Umeå walichapisha kwenye jarida la Science habari ya oxazepam, dawa ya kutuliza wasiwasi, mtu anameza, anaenda chooni, mitambo ya maji taka haiitoi yote, inaishia mtoni. Wakawaweka samaki wa Ulaya waitwao perch (sio sangara wetu jamani) kwenye maji yenye maikrogramu 1.8 kwa lita na samaki wakachangamka kupita kawaida, wakaacha kukaa na kundi, wakawa wanakula haraka haraka.

Hiyo 1.8 tukae nayo kidogo. Boza la maji la lita 10,000 ukilipigia hesabu unapata miligramu 18. Kidonge cha oxazepam mara nyingi ni miligramu 10 au 15. Yaani kidonge kimoja na kipande, boza zima, na samaki kashabadilika tabia! Kwa kuhesabu mizoga hapo unaandika hakuna shida, wakati samaki mdogo aliyeacha kundi na kuacha woga huko mtoni ni chakula cha samaki wakubwa, na hakuna atakayesema kauliwa na dawa.

Wanaopinga nao wana hoja. Tangi sio mto, hilo wanalisema kila siku na ni kweli. Softwea nayo inachanganya, samaki wawili wakipishana wanabadilishana majina, programu ya idTracker ya 2014 ilitengenezwa hasa kwa ajili ya shida hiyo. Halafu kila labu ina tangi lake, taa zake, dakika zake, sasa mtu wa serikali alinganishe nini na nini. Ila hoja inayoniuma kweli ni hii, kompyuta inakupa vipimo ishirini kwa mpigo, na ukitafuta kwenye vitu ishirini kuna uwezekano mkubwa kimoja kikupe "matokeo" hata kama dawa haijafanya kitu. Suluhisho lake ni kusema mapema unapima nini, na wengi hawasemi.

Lakini vidio inabaki, watu wanalisahau hili. Mwaka 2016 Science ilitoa utafiti wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, kuhusu vipande vidogo vya plastiki na watoto wa samaki, 2017 ikauondoa, data ya awali haikupatikana, maelezo yakawa kwamba laptop iliibiwa. Linganisha na ule wa jarida la Nature wa 2020, ambapo timu ya mtafiti Clark ilirudia majaribio ya bahari yenye asidi na samaki wa matumbawe, yale mabadiliko makubwa ya tabia yaliyodaiwa mwanzo hawakuyaona, na vidio zao wakaziweka wazi. Unabisha? Nenda katazame.

Na hoja ya tangi sio mto, timu nyingine yenye Brodin huyo huyo imeifanyia kazi. Kwenye Science ya 2025 waliwapa samoni wachanga clobazam, dawa ya jamii moja na ile oxazepam, wakawafuatilia kwa vifaa vya kutoa sauti kwenye mto Dal hadi bahari ya Baltiki. Waliopewa dawa walifika wengi zaidi, na mabwawa ya umeme waliyapita haraka zaidi. Ukihesabu tu, unaandika dawa inasaidia samaki. Ila samoni wengine waliopewa dawa hiyo walipotazamwa tangini walikuwa hawashikamani na kundi kama zamani, hata adui akiwa karibu, yaani kila mmoja anaenda kivyake tu, na baharini wanakoingia ndiko kwenye wenye meno.