Umwinyi Umekwisha Mara Tatu, Mimi Bado Nadaiwa

Sogea, shemeji, kaa hapa. Divai hii nimeikamua mwenyewe kwa kinu changu mwenyewe, ndiyo maana ni mbaya. Zamani, kabla ya haya Mapinduzi, sisi wakulima wa huku Mâcon, Ufaransa, zabibu zetu zote tulizipeleka kwenye kinu cha bwana mwinyi, mkubwa wa ardhi yote, tukapanga foleni mpaka nyingine zikaanza kuchacha, halafu akachukua fungu lake. Divai ilikuwa nzuri, ila mwenyewe alikuwa yeye. Hii ni yangu, na inakwangua koo. Kunywa hivyo hivyo.

Lakini usiniambie umwinyi umekwisha. Nimeshaambiwa mara tatu, tangu 1789 mpaka mwaka huu wa 1793, na kila nikiambiwa naingiza mkono mfukoni nalipa.

Tuanze na 1789. Majira ya kuchipua walituita kanisani, eti mfalme anataka kujua shida zetu. Mfalme! Wenzangu wakataja kodi, wakataja ushuru wa chumvi. Mimi nikasimama nikasema: njiwa. Watu wakacheka. Wacheke tu, shamba lao haliko chini ya banda la njiwa la bwana mwinyi. Banda la mawe, shemeji, lina paa zuri kuliko la nyumba yangu. Napanda ngano asubuhi, mchana wanashuka kama wamealikwa harusini, na mimi nimesimama pembeni na jembe, maana kumgusa hata mmoja ni kesi. Na kesi yenyewe inasikilizwa wapi? Kwenye baraza la huyo huyo mwenye njiwa! Hakimu kaajiriwa naye.

Mbegu zinazosalia zikikua, ukivuna, huruhusiwi kuondoa mganda shambani mpaka karani wa bwana mwinyi aje kuhesabu. Kwetu ilikuwa mganda 1 katika kila 12. Sawa, achukue. Ila huyo karani alikuwa anakuja lini? Mvua ikishanyesha. Akiondoka yeye, anafika mtu wa fungu la kumi, la kanisa. Ukifika nyumbani mke anakuuliza mavuno yako wapi, unamwonyesha barabara.

Kwa hiyo Julai ile watu walipokwenda kwenye majumba ya mamwinyi kutafuta hati za madeni wazichome, nami nilikwenda. Nilishika ngazi tu. Andika hivyo ukiulizwa: ngazi tu. Na usicheke, kuna wenzetu walinyongwa Mâcon na Cluny kwa mambo ya siku zile.

Moshi ule ukawafikia wakubwa wa Bunge kule Versailles, kwa mfalme. Usiku wa tarehe 4 Agosti wakaamka na ukarimu. Aliyeanza ni Vicomte de Noailles, mtoto wa mwisho mwisho wa ukoo wa kimwinyi, asiye na shamba lolote, akasema haki za mamwinyi ziondoke. Sasa hapo mtu anatoa nini? Hata mimi nagawa ng'ombe wa jirani mchana kutwa. Akafuata Duc d'Aiguillon, huyu tajiri kweli, lakini tajiri hasahau: sawa ziondoke, ila wakulima wazinunue. Akasimama na Le Guen de Kerangal wa Bretagne, kule magharibi, amevaa kikwetu, akasema kuna watu wanakesha wakipiga maji ya mabwawa ili vyura wasimsumbue bwana usingizini. Kwetu hilo halikuwapo. Nilipolisikia nikawaonea huruma, kisha nikajiuliza: chura si afadhali, hali ngano.

Tarehe 11 sheria ikatoka: Bunge linafuta umwinyi wote kabisa. Nikarusha kofia. Ningejua kusoma ningesoma mpaka chini kabla ya kuirusha, maana imepotelea mtoni. Kweli njiwa walipatikana: msimu wa mbegu wafungiwe, akitoka ni halali yako shambani kwako. Wiki ile tulikula njiwa mpaka mama mkwe akaugua. Baraza la bwana mwinyi likafa, uwindaji ukawa wa kila mtu kwenye ardhi yake, na kila mtu akapita kuwinda katika ngano yangu.

Ila ile miganda? Ah, wakasema kilichofutwa bure ni madai ya kitumwa, hiyo inahusu ardhi. Unailipa mpaka ujikomboe. Na 1790 wakatupa bei: kama deni lako la kila mwaka ni la pesa taslimu, mara 20 ya malipo ya mwaka; kama ni la mazao, mara 25. Miganda yangu ina thamani ya livre 8, pesa yetu ya Ufaransa, kwa mwaka. Mara 25 ni livre 200. Ningekuwa na livre 200 ningekuwa nakunywa divai hii?

Agosti 1792 tena: umwinyi umekwisha! Safari hii mwinyi alete hati ya asili, akikosa, hakudai. Wetu hakuileta. Akanitazama sana, nikatazama ngazi. Na Julai hii, 1793, mara ya tatu: basi, hakuna fidia, hati zichomwe uwanjani, anayeficha miaka 5 ya pingu. Kumbe kosa letu lilikuwa kuwahi.

Nikasema sasa nitakula. Kuna shamba lililokuwa la watawa wa monasteri ya Cluny, taifa limeliuza, kalinunua wakili mmoja wa mjini, nami namkodia. Fungu la kumi si limefutwa? Akanijibu kwa upole, akaniita raia: kwa kuwa hulipi tena fungu la kumi, nimeliongeza kwenye kodi ya shamba. Sheria inamruhusu! Bwana mwinyi alikuwa ananikamua kwa matusi. Huyu ananiita raia.

Na Jumapili wamechukua, kwa kalenda yao mpya. Siku ya kupumzika sasa ni ya kumi badala ya ya saba. Mimi mgongo wangu haujui kuhesabu mpaka kumi.

Subiri, nani huyo anapiga kelele uani? Ni jirani, puuza. Tangu ruhusa ya banda la njiwa isiwe ya mwinyi peke yake, nami nimejenga langu, dogo, njiwa 12. Eti wanakula mbegu zake. Mwambie nimelala. Ana bunduki? Shemeji, nipe ile ngazi.